Kabla ya Kufyeka Ua, Tazameni Mmea Huu

Ukipita kwenye viwanja visivyojengwa vya Mbagala, Tegeta au Bunju baada ya masika, utauona mmea unaotambaa juu ya ua na vichaka. Majani yake yana umbo la moyo, na ukiyaponda yananuka vibaya. Ukikata shina hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Matunda hukaa mawili mawili, yana miiba laini, na yakikauka hupasuka na kutoa mbegu zenye manyoya meupe. Wataalamu huuita Pergularia daemia. Ni mmea wa asili, nasi huufyeka kila siku ya usafi.

Utomvu huo una sumu inayodhuru moyo. Hata hivyo kipepeo Danaus chrysippus, wa rangi ya chungwa, hutaga mayai yake kwenye mmea huu na jamaa zake. Kiwavi wake, mwenye mistari myeusi, myeupe na ya njano, hula majani na huweza kuihifadhi sumu mwilini. Ndege akimla kipepeo huyo hutapika, na safari nyingine humwacha. Ndiyo maana anaruka polepole, kama asiye na haraka.

Yupo na mwigaji. Jike wa Hypolimnas misippus hana sumu, lakini amevaa rangi zilezile. Dume wake ni mweusi mwenye madoa makubwa meupe, huwezi kudhani ni ndugu. Katika miaka ya 1970 D. A. S. Smith wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliwachunguza vipepeo hawa wote wawili hapa hapa jijini.

Wafadhili wasitarajie mapato. Mradi wa Kipepeo wa Gede, Kenya, ulioanza mwaka 1993, huwanufaisha wakulima kwa vipepeo wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Huyu wetu ameenea Afrika na Asia, wala hayuko hatarini kutoweka. Kinachopotea ni yeye kuonekana mtaani kwetu, kwa kuwa viwanja vinajengwa na nyua zinakuwa za matofali.

Kwa hiyo kamati ziache kipande kidogo cha ua bila panga wala dawa ya kuua wadudu. Watoto waonywe wasijipake utomvu machoni. Kufyeka kukilazimika, fyekeni nusu kwanza, nusu nyingine isubiri yapata mwezi mmoja, viwavi waliomo wapate kuwa vipepeo.