Baraza la Walei na Shauri la Askofu

Buha ni nchi ya vilima na mabonde, na vijiji vyake vimetawanyika. Kutoka Kigoma, penye kiti cha askofu kando ya Ziwa Tanganyika, hata Kibondo ni zaidi ya kilometa 200 kwa njia ya Kasulu. Zamani safari hiyo ilikwenda kwa miguu. Basi askofu alipataje kujua haja za Wakristo wote? Jicho moja halioni kila bonde; ilimpasa kuwa na watu wa kumpasha habari na kumpa shauri.

Waha walilijua jambo hili tangu kale. Mwami hakutawala peke yake. Walikuwapo watwale waliomsaidia, na wateko, wazee wenye kuangalia mambo ya ardhi.

Mapadre Weupe walifika Ujiji mwaka 1879. Kwa kuwa walikuwa wachache, kazi kubwa ya kufundisha dini vijijini ilifanywa na walei, yaani Wakristo wasio mapadre wala watawa. Mmoja wao, Adriano Atiman, aliyepata kuwa mtumwa, alikuwa mganga na mwalimu wa dini huko Karema hata alipokufa mwaka 1956. Kigoma ikafanywa jimbo kamili mwaka 1953. Lakini kwa miaka mingi walei walitumwa kazi kuliko walivyoulizwa shauri.

Mabadiliko yaliletwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokutana tangu 1962 hata 1965. Tarehe 18 Novemba 1965 ilitolewa hati juu ya utume wa walei, nayo ilitaka mabaraza ya shauri yaundwe majimboni. Katika Tanzania chombo cha walei huitwa Halmashauri ya Walei. Tena mwaka 1976 maaskofu wa Afrika ya Mashariki walikaza kujenga jumuiya ndogo ndogo za Wakristo.

Hivyo neno likapata njia ya kupanda. Tuseme paa la kanisa la kigango limeoza. Watu hulinena katika jumuiya. Wazee hulipeleka kigangoni, kisha parokiani. Likiwashinda huko, hufika jimboni.

Je, baraza laweza kumwamuru askofu? La. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yasema kwamba sauti ya baraza la kichungaji la jimbo ni ya shauri tu, na kwamba lazima likutane walau mara moja kila mwaka. Lakini sheria hiyohiyo yawapa waamini haki, na pengine wajibu, wa kuwaambia wachungaji mawazo yao kwa heshima.

Kwa hiyo pande mbili zina mzigo. Mjumbe akificha ukweli kwa woga, askofu huamua gizani. Askofu naye asiposikiliza, wajumbe huchoka, na baraza hubaki jina tu. Wahenga walisema: penye wengi hapaharibiki neno, lakini sharti wengi hao waseme kweli, na mkubwa wao awe na masikio.