Daktari Mmoja, Usiku Mzima

Gari la polisi liingiapo usiku katika ua wa hospitali ya rufaa ya mkoa, huko Mbale, Soroti au Masaka, mara nyingi huwa limebeba majeruhi wa pikipiki za bodaboda. Askari huwashusha, huandika majina yao na kurudi barabarani. Kazi ya daktari ndiyo kwanza huanza.

Mara nyingi daktari huyo ni kijana aliyemaliza miaka mitano ya chuo kikuu, naye yumo katika mwaka wake wa mazoezi. Bingwa yupo, lakini huitwa kwa simu, na pengine saa hiyo yumo katika chumba cha upasuaji na mama aliyeshindwa kujifungua. Basi kijana huamua peke yake nani atangulie. Apigaye kelele siye aliye hatarini zaidi. Aliyenyamaza baada ya kuumia kichwa ndiye wa kukimbiliwa. Jamaa za mwenye kelele hawaelewi hivyo, na matusi humwangukia daktari.

Mwaka 2024 Polisi ya Uganda ilihesabu watu 5,144 waliokufa katika ajali za barabarani. Waliojeruhiwa ni wengi kupita hao.

Tena wako wagonjwa watokao Vituo vya Afya vya daraja la nne. Kituo cha namna hiyo hupangiwa daktari na chumba cha upasuaji. Lakini ikikosekana damu, au mtu wa kutoa dawa ya usingizi, mama mjamzito hupelekwa mkoani, mara nyingine bila hata simu ya kuarifu. Damu yenyewe hupungua shule zifungwapo, kwa kuwa wanafunzi ni miongoni mwa watoaji wakubwa.

Kisha kuna makaratasi. Fomu ya Polisi namba 3, ambayo bila hiyo kesi ya shambulio hulegea, humngoja daktari yule yule, naye huenda akaitwa mahakamani siku ambayo angelala.

Hatari nayo haibishi hodi. Daktari wa dharura humgusa mgonjwa kwanza, jina la ugonjwa hulijua baadaye. Ebola iliyotangazwa wilayani Mubende Septemba 2022 iliwapata watumishi wa afya 19 nchini, na 7 kati yao wakafa.

Mwaka huo huo Serikali iliongeza sana mishahara ya madaktari. Ilikuwa haki yao, ingawa mshahara hauongezi mikono ya usiku. Vyuo Vikuu vya Mbarara na Makerere vimekwisha anza kufundisha mabingwa wa tiba ya dharura, lakini bingwa hapatikani kwa mwaka mmoja.

Kwa sasa, askari apigaye simu hospitalini kabla ya kuondoa gari humpa daktari dakika za kutayarisha kitanda. Jeraha linalotoka damu na libanwe kwa kitambaa safi njia nzima, na shingo ya majeruhi isipindwe. Wodini abaki jamaa mmoja ajuaye dawa anazotumia mgonjwa. Wengine, kukipambazuka, waende kutoa damu.