Msiba haukimbiwi, hata uwe na mbio kiasi gani

ILIKUWA saa 10 alasiri, siku ya soko hapa Mabanda, Septemba 2024. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi simu ilipolia. Aliyepiga ni wifi yangu kutoka Mishamo, Tanzania. Hakusema mengi. "Wifi, kaka yako ametutoka."

Kaka alipatwa na kiharusi alfajiri akijiandaa kwenda shamba, akafariki kabla ya kufikishwa hospitali. Alikuwa na umri wa miaka 49. Mimi ndiye mdogo wake aliyemfuata, na sikumzika. Hati yangu ya kusafiria ilikuwa imekwisha muda miezi mitatu kabla, nami nikawa naahirisha kuibadilisha kwa kisingizio cha mitihani. Mpaka wa Mugina na Manyovu, ambao wafanyabiashara wanauvuka kila siku na mawese na dagaa, siku ile ulinishinda. Nilipofika Mishamo kaburi lilikuwa na siku nne.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaijua hali hiyo. Sisi watoto wa wakimbizi wa 1972 tumegawanyika. Mwaka 2008 na 2009 watu zaidi ya 50,000 walirudi Burundi kutoka makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na wengine zaidi ya 160,000 waliomba uraia wa Tanzania wakapewa. Katika nyumba moja unakuta dada ni Mrundi na kaka ni Mtanzania. Mimi nilirudi na wazazi, kaka akabaki na shamba lake la mahindi na tumbaku.

Kaka ndiye aliyenifundisha kukimbia. Nilipoanza darasa la kwanza yeye alikuwa la tano, na shule ilikuwa mbali. Tukichelewa alinishika mkono tukakimbia pamoja, yeye akibeba madaftari yangu. Baadaye alichaguliwa kwenda mashindano ya UMITASHUMTA ngazi ya wilaya, akarudi na sahani ya bati kama zawadi. Mama aliitunza sahani ile hadi tuliporudi Burundi.

Agosti 1996 tulisikia kwenye redio kwamba Vénuste Niyongabo ameshinda medali ya dhahabu ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Atlanta, kwa muda wa dakika 13 na sekunde 7.96. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Burundi kushiriki Olimpiki. Niyongabo alikuwa bingwa wa mita 1,500, lakini nafasi hiyo alimwachia mwenzake Dieudonné Kwizera, aliyekuwa ameikosa michezo iliyotangulia kwa sababu nchi yetu haikuwa na kamati ya Olimpiki. Yeye akahamia mita 5,000, mbio ambazo alikuwa bado mgeni kwazo.

Baba alipata habari kuwa kijana huyo ni wa Vugizo. Vugizo ndiko kwetu. Baba alikimbia kutoka huko na sisi hatukuwahi kupaona. Jioni ile kaka alizunguka uwanja wa shule hadi giza likaingia. Baadaye alikuwa akiniambia kwamba siku moja mimi na yeye tutakimbia kilomita 21 kwenye Kilimanjaro Marathon ya Moshi, inayofanyika kila mwaka tangu 2003. Mwaka 2024 tulianza kuweka akiba, yeye upande wake na mimi upande wangu, tukilenga mbio za mwanzoni mwa 2025.

Kuchoka ili nisiwaze

Niliporudi kutoka matangani nilianza mazoezi kwa fujo. Niliamka saa 10 na nusu usiku, nikakimbia hadi saa 12, nikaoga na kwenda shule. Jioni nilikimbia tena. Nilikuwa nikisema namtimizia marehemu ahadi. Ukweli ni kwamba nilitaka kuchoka ili nisiwaze. Mtu aliyechoka halii, na akifika kitandani anaanguka kama gunia.

Lakini usingizi wenyewe haukuja. Baada ya wiki tano mfupa wa muundi ulikuwa unauma hata nikipanda ngazi za darasani. Nyumbani binti yangu mkubwa, mwenye miaka 15, ndiye aliyekuwa akichota maji, akipika uji na kuwaandaa wadogo zake. Mimi sikuona.

Siku moja ya Oktoba nilitoka alfajiri kama kawaida. Kitinda mimba wangu, mwenye miaka minane, alikuwa amelala mlangoni mwa chumba chetu, pengine alikuja kunitafuta usiku. Nilimruka nikaenda zangu. Niliporudi nyumba ilikuwa kimya. Baba yake alikuwa amempeleka zahanati kwa baiskeli akiwa na homa kali. Ilikuwa malaria. Mtoto alipona, lakini jioni ile mume wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliniuliza hivi: "Mama watoto, alikufa shemeji peke yake, au mlikufa wawili?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda nje nikalia, na kwa kweli ndiyo mara ya kwanza nililia tangu simu ile ya wifi.

Tulivyopanga upya

Hatukukubaliana niache kukimbia. Mume wangu alisema niendelee, ila mbio ziwe na ratiba kama kazi nyingine yoyote ya nyumbani. Tuliketi na binti mkubwa tukaandika kwenye karatasi tukaibandika ukutani. Nayaeleza hapa kwa sababu naamini yanaweza kumsaidia mwingine.

Kwanza, siku tatu kwa wiki badala ya saba. Jumanne na Alhamisi dakika 40 hadi 50, Jumapili mbio ndefu kabla ya ibada. Asubuhi za siku hizo mume ndiye anayewasha moto na kuchemsha uji. Siku nyingine zote ni zamu yangu, na binti anasoma.

Pili, mwendo wa pole. Wakufunzi wa mbio ndefu wanasema sehemu kubwa ya mazoezi ifanyike kwa kasi ambayo mtu anaweza kuzungumza bila kuhema. Mimi nilikuwa nakimbia kila siku kama ninayefukuzwa. Aidha, umbali wa wiki uongezwe kidogo kidogo, na wengi hutumia kipimo cha asilimia 10. Aliyekimbia kilomita 20 wiki hii, wiki ijayo akimbie 22.

Tatu, usingizi. Mwili haujengwi wakati wa kukimbia, unajengwa wakati wa kupumzika. Aliyefiwa hulala vibaya, na mazoezi makali juu ya usingizi mbovu humwongezea mzigo. Niliambiwa nipime mapigo ya moyo asubuhi kabla ya kuinuka kitandani. Yakiwa juu kuliko kawaida yangu, siku hiyo sikimbii. Vilevile mwenye homa asikimbie kabisa, akapime damu kwanza.

Nne, na hili lilikuwa gumu kuliko yote, kuna siku ya kumzungumza marehemu. Kila Ijumaa baada ya chakula tulikaa na watoto nikawasimulia habari za mjomba wao. Kumbe nao walikuwa na maswali. Mmoja aliuliza kwa nini mama hataki kumtaja.

Mama mkwe naye alikuwa na neno lake. Kwetu msiba una hatua zake. Siku chache baada ya mazishi ndugu hufanya guca ku mazi, matanga yanavunjwa na watu wanarudi kwenye kazi. Baadaye sana, mara nyingi baada ya mwaka, hufanyika kuganduka, ambapo ukoo unaondoa msiba moja kwa moja. Kabla ya hapo wafiwa hujizuia na harusi na sherehe. "Mwanangu, mbio si kosa," aliniambia. "Kazi ni kazi. Lakini uende kwenye muziki na shangwe Moshi na kaka yako hajagandukiwa?"

Mwanzoni niliudhika. Baadaye niliona kuwa amesema jambo ambalo nilikuwa naliogopa.

Akiba ya Moshi

Mwezi Desemba wifi alinipigia tena. Mtoto wao mkubwa alikuwa amefaulu kwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni. Ada imefutwa Tanzania, lakini godoro, sanduku, sare, viatu na nauli havijafutwa. Wifi hakuomba kitu. Alinipa habari tu, kama mtu anavyompa habari shangazi wa mtoto.

Niliizungumza na mume wangu usiku mmoja tu. Likizo ya Krismasi nilivuka Manyovu, safari hii hati yangu ikiwa safi, nikapita Kasulu na Uvinza hadi Mishamo. Akiba yangu ya Moshi ilinunua godoro, sanduku na viatu jozi mbili. Akiba ya kaka wifi alikuwa ameikuta ndani ya mfuko wa jembe la palizi, imefungwa kwenye karatasi yenye jina langu. Tuliitumia kwa sare.

Jumapili ya mwisho ya mwaka, saa 12 asubuhi, nilikimbia kilomita 21 kwenye barabara za makazi. Jirani mwenye pikipiki alikuwa amezipima siku iliyotangulia. Mtoto wa kaka alinifuata kwa baiskeli ya baba yake akibeba chupa ya maji. Hapakuwa na namba kifuani wala medali. Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 31, mbele ya shule ile ya zamani. Kijana alinipa maji akasema, "Shangazi, baba angekungoja pale kwenye mwembe akucheke." Tulicheka wote.

Septemba 2025 tulifanya kuganduka, Mishamo. Mwezi huohuo Alphonce Simbu aliipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza kabisa ya mashindano ya dunia ya riadha, kwenye marathoni ya Tokyo. Alimshinda Amanal Petros wa Ujerumani, ambaye ni mzaliwa wa Eritrea aliyefika huko kama mkimbizi, kwa tofauti ya sekunde 0.03 baada ya kilomita 42. Wazee walibishana hadi usiku kaka angemshangilia nani. Wifi ndiye aliyekata kesi: angewashangilia wote wawili.

Kwa wenzangu mlio na ndugu upande wa pili wa mpaka, nina ombi moja. Leo jioni tazama tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye hati yako ya kusafiria. Kama imekaribia, ibadilishe wiki hii. Usingoje simu.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa Kiswahili, Mabanda, kusini mwa Burundi.