Msafiri Maskini Ajapokuwa Sultani: Kiini cha Maana katika Safari ya Kifahari

Utangulizi

Utalii ni miongoni mwa nguzo za uchumi wa Kenya, na neno linaloitangaza nguzo hiyo kote duniani ni neno la Kiswahili: safari. Neno hili lenye asili ya Kiarabu liliingia katika Kiingereza katika karne ya 19 kupitia maandishi ya wapelelezi kama vile Richard Burton. Lilipovuka bahari, maana yake ilifinyika. Kwa Mswahili, mtu anayetoka Nairobi kwenda Kakamega kumzika jamaa yake yumo safarini. Kwa mgeni wa ng'ambo, safari ni ziara ya kutazama wanyamapori, na ile ya kifahari huambatana na hema lenye kitanda cha mbao, bafu la maji moto na chakula kinachoandaliwa chini ya mgunga.

Safari ya namna hii hugharimu mamia, na mara nyingine maelfu, ya dola kwa usiku mmoja. Swali ambalo makala haya yanadhamiria kulijibu ni hili: ni kitu gani kinachoifanya safari ya kifahari kuwa na maana kwa mgeni? Huenda msomaji akahisi kwamba swali hili ni la wanafunzi wa utalii na usimamizi wa hoteli. Tunadai kwamba ni letu pia. Anasa peke yake haizalishi maana. Maana huzalishwa na mwenyeji anayemfafanulia mgeni mahali alipo, na ufafanuzi ni kazi ya lugha. Katika kulijadili dai hili tutaongozwa na methali tatu zinazohusu msafiri na mgeni.

Mtalii, Mgeni na Fahari

Ni vyema tuanze na maneno yenyewe. Kitenzi talii kina asili ya Kiarabu, na ni ndugu wa nomino mutalaa, yaani usomaji au uchunguzi wa jambo kwa makini. Kwa asili yake basi, mtalii ni mtu anayesoma na kuchunguza, wala si mtu wa starehe tu. Nomino mgeni nayo hubeba maana mbili: mtu asiyejulikana mahali, na mtu anayekaribishwa. Kuna lugha zinazozitenganisha maana hizi kwa maneno mawili. Kiswahili kimeziweka katika neno moja, kwani mtu yule yule huanza na maana ya kwanza kabla ya kufikia ya pili. Safari yenye maana ni ile inayomvusha mtu kutoka ugeni wa kutojua hadi ugeni wa kukaribishwa.

Neno fahari pia lina sura mbili. Ni utukufu, na ni ng'ombe dume, ndiposa tukasema kwamba fahari wawili hawakai zizi moja. Katika nchi ya Wamaasai, fahari ya mwenyeji imo zizini na fahari ya mgeni imo hemani. Jinsi fahari hizi mbili zinavyoweza kuishi pamoja ni suala tutakalolirejelea hapo baadaye.

Anasa Iliyobebwa Vichwani

Safari ya kifahari si jambo la jana. Mnamo mwezi wa Aprili 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Msafara wao ulikuwa na wapagazi takriban 250. Walibeba mahema, mabafu, chumvi ya kuhifadhia ngozi na hata maktaba ndogo ya vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe. Kwa hesabu yake mwenyewe, Roosevelt na mwanawe waliwaua wanyama 512. Fahari ya msafara huo ilibebwa vichwani mwa Waafrika ambao wengi wao hawakuandikwa popote kwa majina yao.

Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na kamera ikachukua nafasi ya bunduki. Hata hivyo, msamiati wa bunduki ulisalia. Wale wanaoitwa Wanyama Watano Wakuu, yaani simba, chui, ndovu, kifaru na nyati, hawakuteuliwa kwa sababu ya ukubwa wala uzuri wao. Waliteuliwa na wawindaji kwa kuwa walikuwa wagumu na hatari kuwawinda kwa miguu. Mgeni anayefika leo akiwa na orodha ya wanyama hao watano anatumia, pasipo kujua, daftari la mwindaji. Gari hukimbizwa kutoka kwa simba hadi kwa kifaru, orodha ikatiwa alama, na siku ikaisha. Mgeni ameona kila kitu, lakini hajasoma chochote.

Msafiri Maskini Ajapokuwa Sultani

Methali yetu ya kwanza yasema kwamba msafiri maskini, ajapokuwa sultani. Anayesafiri hupungukiwa hata akiwa na mali, kwa maana hajui njia, desturi wala majina ya vitu. Umaskini huu hauondolewi na shuka laini. Unaondolewa na mtu ajuaye, na katika mbuga mtu huyo ni mwelekezi wa watalii.

Mwaka 1957, Mmarekani Freeman Tilden alichapisha kitabu kuhusu ufafanuzi wa turathi kwa wageni wanaozuru mbuga za taifa. Alishikilia kwamba habari tupu si ufafanuzi. Ufafanuzi hujengwa juu ya habari, lakini hufichua uhusiano uliojificha baina ya mambo, na lengo lake ni kumchochea msikilizaji zaidi ya kumfundisha. Tuchukue mfano mmoja. Gari limesimama mbele ya simba katika nyanda za Laikipia. Mwelekezi wa kwanza anataja jinsi ya mnyama, umri na uzito wake, kisha anawasha gari. Huyo ametoa habari.

Mwelekezi wa pili anamwonyesha mgeni mgunga mdogo wenye vinundu vyeusi. Ndani ya vinundu hivyo huishi sisimizi wanaoulinda mti, na ndovu anapotaka kuuvunja, humvamia puani akauacha. Kisha anaeleza kwamba sisimizi wa kigeni wenye vichwa vikubwa wamevamia eneo hilo na kuwaua walinzi hao. Mti uliobaki bila mlinzi huvunjwa na ndovu, kichaka kikawa uwanda mtupu, na simba akapoteza maficho ya kumvizia pundamilia. Watafiti walioongozwa na Mkenya Douglas Kamaru walichapisha matokeo haya mnamo Januari 2024 baada ya kuichunguza hifadhi ya Ol Pejeta. Mwaka 2003 pundamilia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba huko; kufikia 2020 walikuwa wameshuka hadi asilimia 42. Nyati, ambao mwanzoni hawakuwemo kabisa katika hesabu hiyo, nao walifikia asilimia 42, na nyati ni windo zito na la hatari.

Mgeni aliyesikia maelezo haya alikuja kwa ajili ya simba na ataondoka akimfikiria sisimizi. Simba ni yule yule na bei ya hema ni ile ile. Kilichobadilika ni maneno ya mwelekezi.

Ujuzi huu hauzuki wenyewe. Tangu mwaka 1996, chama cha kitaalamu cha waelekezi wa safari nchini kimekuwa kikiwatahini wanachama katika viwango vya shaba, fedha na dhahabu. Huko Mara, shule ya waelekezi ya Koiyaki ilianzishwa mwaka 2005 ili vijana wa Kimaasai wawe wafafanuzi wa ardhi yao wenyewe badala ya kuwa wapishi na walinzi peke yake.

Kasoro ya "Jambo"

Inasikitisha kwamba katika kambi nyingi Kiswahili hutumiwa kama ua la kupambia meza. Wimbo "Jambo Bwana" uliotolewa na kundi la Them Mushrooms mwaka 1982 ulitungwa kwa nia njema ya kuwakaribisha wageni, na filamu ya The Lion King ya mwaka 1994 ikaeneza "hakuna matata" duniani kote. Kampuni ya Disney hata ikayasajili maneno hayo nchini Marekani kuwa alama yake ya biashara. Kwa hiyo mgeni huja akiwa tayari na Kiswahili chake cha maneno mawili, na mara nyingi huondoka na hayo hayo mawili.

Tuitazame salamu yenyewe. "Hujambo" ni swali, nalo hudai jibu: "sijambo." Baada ya jibu huja habari za nyumbani, za watoto na za kazi. "Jambo" limekatwa kiambishi kinachomlenga msemeshwa, na pamoja nacho likapoteza wajibu wa kungoja jibu. Ni salamu inayomruhusu mtu kupita bila kusimama. Aidha, waelekezi hupashana habari redioni kwa Kiswahili mchana kutwa wakiwa na wageni garini. Lugha ipo basi, hai na ya kitaalamu, ila mgeni haambiwi inasema nini. Mwelekezi anayemweleza kwamba pundamilia ni punda mwenye milia, au kwamba kiboko ni jina la mnyama na pia la mjeledi uliotengenezwa kwa ngozi yake, amempa kitu asichoweza kukinunua kwao.

Mgeni Siku Mbili, ya Tatu Mpe Jembe

Methali hii hueleweka na wengi kuwa ya kumfukuza mgeni mvivu. Yaweza pia kusomwa kama kanuni ya ukarimu: mgeni anayepewa jembe amehesabiwa kuwa mwenzetu. Katika safari, jembe hilo laweza kuwa matembezi ya miguu pamoja na mfuatiliaji nyayo, au kikao cha kuuliza na kuulizwa. Ngoma ya kuruka inayochezwa jioni kwa dakika kumi mbele ya wageni walioshika bilauri si jembe. Hapo mwenyeji amegeuzwa kuwa pambo, na mgeni amebaki kuwa mtazamaji.

Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Ufafanuzi na ushiriki huwa maigizo matupu iwapo mwenyeji hapati kitu. Sehemu kubwa ya wanyamapori wa Kenya huishi nje ya mbuga za taifa, katika ardhi ya watu. Kandokando ya Mbuga ya Maasai Mara, ardhi iliyokuwa ya pamoja iligawanywa na familia zikapewa hatimiliki. Mwenye hati alikuwa na hiari ya kuuza, kulima au kuzungusha ua. Hifadhi za jamii, kama vile Ol Kinyei iliyoanzishwa mwaka 2005 na Olare Orok ya mwaka 2006, zilileta njia nyingine. Wenye ardhi huyakodisha mashamba yao kwa pamoja, kambi huwalipa kodi, idadi ya mahema na magari huwekewa kikomo, na malisho ya ng'ombe huratibiwa. Hapa ndipo fahari wawili wanapojifunza kukaa zizi moja. Utulivu anaoufurahia mgeni wa kifahari, wa kumtazama chui bila magari thelathini kumzunguka, ni zao la mkataba huo.

Mkataba wenyewe ni dhaifu. Kenya ilipositisha safari za ndege za kimataifa kati ya Machi na Agosti 2020 kutokana na korona, mapato ya kambi yalikatika na malipo ya kodi yakayumba. Kodi isipolipwa, ua hujengwa, na nyumbu hawaijui hatimiliki. Hufika kwenye waya wakakwama. Mgeni anastahili kuelezwa haya, kwa kuwa pesa zake ni sehemu ya hadithi. Akijua kwamba kitanda chake kimemwezesha mwenye shamba kuliacha wazi, analala katika hema lenye maana.

Hitimisho

Tumeona kwamba anasa humpumzisha msafiri lakini haimwondolei umaskini. Kinachomwondolea umaskini ni ufafanuzi, ushiriki na haki kwa mwenyeji, na yote matatu hupitia katika kinywa cha mtu. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, lakini mafunzo mengi ya waelekezi bado huendeshwa kwa Kiingereza. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina kazi ya kufanya hapa: kukusanya majina ya miti, ndege na wadudu kutoka kwa wazee kabla hayajapotea, kuyalinganisha na yaliyomo kamusini, na kuwapelekea waelekezi orodha wanazoweza kuzitumia garini. Mhitimu wa isimu anayelijua jina la kila kiambishi lakini hawezi kulitaja jina la mti ulio mbele ya darasa lake ni msafiri maskini katika nchi yake mwenyewe.