TEKNOLOJIA: Usiifomati diski ya tarakilishi iliyokufa kabla ya kuisoma ramani yake

WAHENGA walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Methali hii ilinijia Jumamosi moja jioni nilipokuwa katika kibanda cha fundi wa tarakilishi mtaani, pamoja na jirani yangu ambaye ni mweka hazina wa chama cha akina mama. Tarakilishi yake ilikuwa imeungua ubao mkuu baada ya umeme kupotea na kurejea ghafla. Ndani ya diski yake mlikuwa na daftari la michango ya wanachama la miaka sita, pamoja na picha za mwisho za marehemu mamake. Nakala nyingine hakuwa nayo.

Fundi, kijana mwenye bidii, aliitoa diski ile akaiunganisha na tarakilishi yake kwa kebo ya USB. Papo hapo kiwambo kikaonyesha ujumbe kwamba diski haiwezi kutumika mpaka ifomatiwe, kisha kikauliza iwapo kazi hiyo ifanywe wakati huo.

"Mama, nibonyeze ndiyo?" fundi akauliza.

"Wewe ndiwe unayejua, mwanangu," jirani akajibu.

Nilimsihi asibonyeze. Diski ile haikuwa tupu wala mbovu. Ilitoka katika tarakilishi ambayo mwanawe jirani, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa ameiwekea mfumo wa Linux. Sasa ilikuwa imetiwa katika tarakilishi ya Windows, ambayo haikuielewa lugha yake. Ni kama mgeni anayebisha hodi akizungumza lugha asiyoijua mwenye nyumba, naye mwenye nyumba akakata shauri kwamba mgeni ni bubu.

Mpenzi msomaji, mkasa huu ni wa kawaida kuliko inavyodhaniwa. Tarakilishi hufa, lakini aghalabu diski yake husalia nzima. Kinachoiangamiza data mara nyingi ni uamuzi wa pupa unaofanywa dakika chache baada ya diski kuhamishwa.

Diski na voliyumu

Ni muhimu kwanza kutofautisha diski na voliyumu. Diski ni kile kifaa unachoweza kukishika mkononi. Voliyumu ni eneo la kuhifadhia ambalo mfumo endeshi unaliona, mathalani lile ambalo Windows huliita C au D. Katika mpangilio sahili, diski hukatwa vipande mithili ya shamba lililogawiwa warithi. Kila kipande kina mipaka yake, na jedwali dogo mwanzoni mwa diski hueleza kila mpaka ulipo.

Mpangilio wa voliyumu za kimantiki huongeza tabaka jingine juu ya huo. Katika Linux, mpangilio huu hujulikana kwa kifupi kama LVM, na toleo lake la kwanza liliandikwa na Heinz Mauelshagen mwaka wa 1998. Ufanyaji kazi wake unafanana na ule wa chama cha jirani yangu. Wanachama huchanga, fedha zikaingia katika kapu moja, kisha mikopo hutolewa kutoka katika kapu hilo bila kuuliza shilingi ipi ilitoka kwa nani. Vivyo hivyo, diski moja au kadhaa huchangia nafasi katika kundi moja. Nafasi hiyo humegwa vipande vidogo, kwa kawaida vya mebibaiti 4 kila kimoja, na vipande hivyo ndivyo huunganishwa kuwa voliyumu.

Faida yake ni kwamba voliyumu inaweza kuongezwa ukubwa bila kuvunja mpangilio mzima. Hasara yake ni kwamba asiyejua kuisoma ramani ya kundi hataona chochote. La kutia moyo ni kwamba ramani hiyo haikai katika ubao mkuu wa tarakilishi. Imeandikwa ndani ya diski zenyewe, na kwa kawaida kila diski ya kundi hubeba nakala yake. Ndiyo sababu kundi linaweza kuhamia tarakilishi nyingine na likatambulika.

Jinsi ya kuifikia data

Kwa diski ya aina hiyo, njia iliyo salama ni kuiwasha tarakilishi nzima kwa Linux iliyowekwa katika kijiti cha USB, bila kusakinisha chochote. Baada ya kuiunganisha diski, fundi hufungua dirisha la amri akiwa na mamlaka ya msimamizi. Amri ya pvs humwonyesha diski zilizomo katika makundi, nayo vgs humtajia majina ya makundi yenyewe. Akiliona kundi lakini voliyumu zake hazifunguki, huliamsha kwa vgchange -ay likifuatwa na jina la kundi. Kisha lvs humwonyesha voliyumu zilizomo. Hatua ya mwisho ni kuipachika voliyumu anayoitaka kwa amri ya mount, akitumia chaguo la -o ro ili faili zisomwe tu bila kuandikiwa.

Kuna vikwazo vitatu vinavyoweza kujitokeza. Cha kwanza ni majina kufanana. Programu za usakinishaji hupenda kuyapa makundi jina lile lile, kama vile ubuntu-vg, hivyo basi diski ngeni inaweza kuingia katika tarakilishi ambayo tayari ina kundi la jina hilo. Hapo fundi hulitambua kundi geni kwa namba yake ya kipekee, yaani UUID, kisha akalibadilisha jina kwa vgrename. Iwapo diski ni nakala kamili ya nyingine, hata namba hizo zitafanana, na amri inayofaa ni vgimportclone.

Cha pili ni diski kukosekana. Kundi lililoenea katika diski mbili lahitaji zote mbili, kwa hivyo usimpelekee fundi moja ukaiacha nyingine nyumbani. Cha tatu ni usimbaji fiche. Ikiwa mwenyewe aliifunga diski kwa nywila, ni sharti nywila hiyo itolewe kwanza.

Windows nayo ina yake

Wanaotumia Windows wasidhani kwamba hayawahusu. Diski ya kawaida ya Windows hufunguka katika Windows nyingine bila taabu, ingawa herufi yake hubadilika. Iliyokuwa C yaweza kuwa E. Ukiambiwa kwamba huna ruhusa ya kufungua folda, hiyo si dalili ya kupotea kwa faili. Ruhusa zilifungamanishwa na akaunti ya tarakilishi ya zamani, na msimamizi wa tarakilishi mpya anaweza kuichukua milki ya folda hizo.

Tangu Windows 2000, pamekuwapo pia diski zinazoitwa badilifu, ambazo voliyumu yake moja yaweza kuenea katika diski kadhaa. Zikihamishwa, programu ya kusimamia diski huziandikia neno "Foreign", yaani ngeni. Dawa yake ni kubofya chaguo la "Import Foreign Disks", zote zikiwa zimeunganishwa kwa pamoja. Tahadhari: chaguo la kuigeuza diski kuwa ya kawaida huzifuta voliyumu zote zilizomo.

Kizingiti kikubwa zaidi siku hizi ni BitLocker. Vipakatalishi vingi vya Windows 11 huifunga diski vyenyewe mtumiaji anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo hulindwa na kijisehemu maalumu kilichomo katika tarakilishi ile ile. Diski ikihamishwa, utadaiwa ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48. Aghalabu ufunguo huo huwa umehifadhiwa katika akaunti hiyo ya mtandaoni. Asiyekuwa nao hana njia nyingine, na fundi anayemwahidi vinginevyo anamdanganya.

Sikiliza kabla ya kugusa

Aidha, ni vyema kuisikiliza diski kabla ya kuanza. Diski ya visahani inayotoa mlio wa kugongagonga ina hitilafu ya kimwili, na kila dakika inapozunguka hali yake yaweza kuzorota. Izime mara moja. Ikiwa inasomeka kwa kusitasita, inunulie diski nyingine yenye ukubwa usiopungua wake, uinakili yote kwa programu kama GNU ddrescue, kisha ufanyie kazi nakala. Kamwe usihifadhi faili ulizookoa katika diski ile ile unayoiokoa.

Halikadhalika, anayekabidhi diski anakabidhi siri za watu. Daftari la chama lina majina, namba za simu na mikopo ya wanachama, na taarifa kama hizo zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019. Keti na fundi anapofanya kazi, na diski ya zamani usiiuze kabla ya kuifuta ipasavyo.

Turejee kibandani. Fundi alitafuta kijiti cha Linux, akaiwasha tarakilishi upya, na baada ya amri nne au tano folda za jirani zikajitokeza kiwamboni. Daftari lilikuwamo. Picha pia zilikuwamo. Mama wa watu aliitazama moja kwa muda mrefu, mamake akiwa ameketi kwenye mkeka uani akichambua maharagwe, kisha akaomba leso.

Kabla hatujaondoka, alimlipa fundi na kununua diski mbili za nje, moja ya kuweka nyumbani na nyingine ya kumpa katibu wa chama. Akiba, walisema waliotutangulia, haiozi.