Samadi na Mbolea ya Dukani Si Mahasimu

Kila msimu wa kupanda unapobisha hodi, mabishano yale yale huzuka. Wako wasemao kwamba mbolea ya dukani imeua udongo, hivyo yafaa turudie samadi ya mababu. Wengine huwacheka na kuuliza ni nani atakayelilisha taifa kwa kinyesi cha ng'ombe wawili. Kila upande umeshika nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli haijazi ghala.

Natutazame Kabete, karibu na jiji la Nairobi. Mwaka 1976, watafiti wa kilimo walianza huko jaribio la miaka mingi: mahindi wakati wa mvua ndefu, maharagwe wakati wa mvua fupi, katika vipande vile vile vya ardhi. Kimoja hakikupewa chochote, kingine kilipewa nitrojeni na fosforasi za viwandani, kingine samadi, na kingine vyote viwili. Kisichopewa kitu kilidhoofika, jambo lisilomshangaza yeyote. Chenye mbolea ya viwandani pekee kilianza vyema, kisha mavuno yakafifia kadiri miaka ilivyosonga. Palipotiwa vyote viwili ndipo palipotoa mahindi mengi zaidi. Hata hivyo, mboji ya udongo iliendelea kupungua hata pale, ingawa polepole. Kwa hakika tunachokitoa shambani ni kingi kuliko tunachokirudisha, maana hata mabua tunayang'oa tukampa ng'ombe au tukayachoma.

Watetezi wa mbolea ya viwandani hupenda kututajia Rothamsted, Uingereza, ambako ngano imepandwa katika shamba la Broadbalk tangu mwaka 1843. Kwa zaidi ya karne moja, vipande vilivyotiwa chumvi za madini vilitoa mavuno yaliyokaribiana na ya samadi. Ni kweli. Lakini udongo ule ulikuwa umetiwa chokaa kwa wingi, na baridi ya kule haiozeshi mboji upesi kama joto letu.

Uasin Gishu na Trans Nzoia hazikujaliwa chokaa hiyo. Huko DAP imetiwa mwaka nenda mwaka rudi, na amonia iliyomo, inapogeuzwa na bakteria kuwa naitreti, huacha asidi udongoni. Asidi ikizidi, alumini huyeyuka na kudumaza mizizi, nayo fosforasi ile ile iliyonunuliwa kwa pesa nyingi hunaswa udongoni mmea usiifikie. Mkulima huona mahindi yamegeuka rangi ya zambarau, akadhani mbolea haikutosha, akaongeza gunia! Kumbe alichohitaji ni kupimiwa udongo na kutia chokaa.

Je, basi, tuitupe mbolea ya dukani? La hasha. Gunia la kilo 50 la DAP lina kilo 9 za nitrojeni. Samadi kavu ikiwa na nitrojeni ya asilimia 1, itabidi mkulima abebe kilo 900 ili kulifikia gunia hilo moja, na samadi yenyewe hutoa chakula chake polepole. Kwa fosforasi pengo ni kubwa zaidi. Sifa ya samadi iko kwingine: hulisha viumbe wa udongo, hushikanisha chembe zake, huhifadhi maji, na huzuia madini yasisombwe na mvua. Palipo na mboji, hata mbolea kidogo ya dukani huonekana kazi yake.

Tatizo ni kwamba samadi yenyewe huharibiwa kabla ya kufika shambani. Huachwa wazi uani, jua likapeperusha nitrojeni yake na mvua ikaikamua iliyobaki. Rundo lililofunikwa kwa majani ya migomba, chini ya kivuli, halimgharimu mtu hata senti.

Nawageukia walimu. Katika shule nyingi shamba limekuwa mahali pa kuwaadhibia wachelewaji, wala si ajabu wanafunzi wakikichukia kilimo. Vipande vinne vya hatua tano kwa tano vyatosha kurudia yale ya Kabete. Mavuno yapimwe kwa mizani, si kwa macho, na daftari lirithiwe na darasa lifuatalo. Msimu mmoja hautatosha, kwa kuwa hata kule Kabete kipande cha mbolea ya dukani pekee hakikuonyesha udhaifu wake katika miaka ya mwanzo.