Ziwa likifungwa, choroko ipo!

Kumwambia mtu wa Kigoma ale bila samaki ni sawa na kumwambia aoge bila maji. Ndivyo tulivyolelewa. Ugali wa muhogo, dagaa au mgebuka, mawese kidogo, basi, siku imekwisha. Lakini kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 Serikali ililifunga Ziwa Tanganyika, hakuna kuvua, miezi mitatu mizima, kwa makubaliano na wenzetu wa Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Nia ilikuwa njema, sikatai. Ila majumbani, toka Kibirizi mpaka Katonga, swali lilikuwa moja tu: leo tunakula na nini?

Wengi walijibu kwa majani. Matembele, kisamvu, mchicha, na kesho tena matembele. Majani ni mazuri, nani asiyejua? Lakini muhogo ni wanga karibu mtupu, na mtoto wa miaka mitatu akila ugali wa muhogo kwa matembele mchana na usiku, tumbo linajaa lakini mwili haujengeki. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Na hapo hatuzungumzii nchi yenye njaa, jamani. Tunazungumzia nchi yenye mashamba.

Basi wiki hii sina habari za nywele wala za mitindo. Nawaletea chapati. Siyo hii ya ngano tuliyoizoea, la hasha. Ni chapati ya kumimina, ya chumvi na pilipili, ya choroko na nafaka isiyokobolewa. Wenyewe Wahindi wa kusini wanazo za aina nyingi. Watu wa Andhra Pradesh wana moja ya choroko nzima wanaiita pesarattu. Watamil wana nyingine ya dengu na mbaazi na mchele, inaitwa adai. Na iliyo maarufu kuliko zote ni dosa, ambayo unga wake huachwa uchachuke kwanza.

Utauliza: mbona Wahindi tumekaa nao Kigoma miaka yote hiyo, na hatujawahi kuiona? Swali zuri. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na wenye maduka wakaja nayo. Lakini Wahindi wengi waliokuja Afrika Mashariki walitoka Gujarat, Kutch na Punjab, yaani magharibi na kaskazini ya kwao. Hao ndio waliotuachia sambusa, bagia na chapati. Wa kusini walikuja wachache, na chapati yao ikabaki nyumbani. Watu wa pwani wana chila na vibibi vya mchele, ndugu wa karibu kabisa wa dosa, ila huku mwisho wa reli hata hivyo havikushika.

Sasa sikia hili, maana mimi mwenyewe nilipolisoma niliweka kitabu chini. Ulezi tunaouona sokoni Mwanga, ule tunaomwachia mgonjwa na mama aliyejifungua, asili yake ni huku kwetu, kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki, upande wa Uganda na Ethiopia. Ulisafirishwa kwenda India maelfu ya miaka iliyopita. Mtama nao ni mtoto wa Afrika. Wahindi wa kusini waliupokea ulezi, wakauita ragi, na hadi leo kule Karnataka wakulima wanasonga ugali wa ulezi, tonge kubwa la mviringo, wanakula na mchuzi wa dengu. Ugali, bwana! Wenzetu wameufanya chakula cha watu wazima wenye nguvu, sisi tumeufanya uji wa wagonjwa na pombe. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa mwaka wa nafaka za jamii ya ulezi na mtama, na walioomba mwaka huo utangazwe ni Wahindi.

Haya, tuingie jikoni.

Kwa familia ya watu watano chukua vikombe viwili vya choroko nzima, zile za kijani na maganda yake. Kikombe kimoja cha ulezi, na kimoja cha mtama. Ukipenda, konzi moja ya mchele ili chapati ikauke vizuri pembeni. Ulezi uchenjue kwa makini sana, maji mara nne au tano, kwani ule unaoanikwa chini una mchanga, na mchanga ukishasagwa hautoki tena, utakuwa unautafuna tu huku wageni wanakutazama. Loweka kila kitu jioni, choroko sufuria yake, nafaka sufuria yake, mpaka asubuhi.

Mwenye blenda asage vyote na tangawizi, pilipili mbichi mbili na kitunguu saumu. Asiye na blenda, na ndio sisi wengi, asikate tamaa. Ulezi na mtama usiloweke, peleka vikavu mashineni vikasagwe bila kukobolewa, maana mashine haipokei nafaka yenye maji. Kisha choroko zilizolowana zitwange kwenye kinu. Zinatwangika kirahisi, na uzuri wa chapati hii ni kwamba haitaki ulaini. Ikiwa na chengachenga ndiyo tamu zaidi. Changanya na ule unga wako, ongeza maji kidogo kidogo mpaka uwe mzito kuliko unga wa chapati za maji lakini bado unamiminika. Wa unga mkavu auache kwanza kama saa moja unywe maji.

Hapo tia chumvi, kitunguu kilichokatwa vidogo, bizari nyembamba, na mchicha uliokatwakatwa kama upo. Ukitaka ladha ya uchachu, funika uache mpaka jioni, joto la Kigoma litafanya kazi yenyewe. Ukiwa na haraka, choma hapo hapo.

Chuma cha chapati kiwe na moto wa wastani. Wahindi wana ujanja mmoja naupenda: kata kitunguu katikati, kichome na uma, kichovye kwenye mafuta, halafu pakaza nacho chuma. Mafuta yanatumika matone tu, na chapati hainati. Mimina upawa mmoja katikati, tandaza kwa mgongo wa upawa ukizunguka kutoka ndani kwenda nje, toboa tundu dogo katikati na kudondoshea mafuta humo. Dakika tatu hivi upande wa kwanza, geuza, mbili upande wa pili. Mimi natumia mawese, najua Mhindi angeshangaa, lakini rangi inayotoka ni kama jua la Ujiji linavyozama.

Jirani yangu, mama mmoja mtu mzima wa Ujiji, alikuja kusimama mlangoni siku ya kwanza nilipopika. Nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo nini? Bagia imekanyagwa na gari?"

Nikamkatia kipande. Akatafuna kimya kimya, akaangalia juu, akaomba kingine "cha kumpelekea mzee". Mzee mwenyewe simjui kama alikiona.

Nimesema choroko, na wengine mtataka kutumia maharage kwa sababu ya Kasulu yamejaa tele. Hapana! Nasema hapana kwa herufi kubwa. Maharage, hasa mekundu, yakiwa mabichi yana sumu inayoharisha na kutapisha, na haiondoki mpaka yachemke sawasawa. Chapati inakaa motoni dakika tano, haitoshi. Choroko, dengu, kunde na mbaazi ndizo za kazi hii. Kwani bagia za kunde si tunakula kila siku?

Tukija kwenye mbaazi, hapo ndipo naumia kidogo. Watu wa Lindi na Mtwara wamelima mbaazi miaka mingi, soko lao kubwa likiwa India. Agosti 2017 India ikaweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kwao, bei huku ikaanguka vibaya, wakulima wakabaki na magunia. Chakula cha protini kimejaa ghalani, na mwenye nacho analia kwa kukosa mnunuzi aliye ng'ambo ya bahari. Sisemi kwamba Watanzania tungezila zote. Lakini nchi inayoagiza ngano yake karibu yote kutoka nje, huku mbaazi zinaliwa na wadudu, kuna mahali mdomo wetu umetudanganya. Asubuhi mtoto anapewa andazi la ngano iliyokobolewa na chai ya rangi, na mama anajiona wa kisasa.

Ni habari ile ile ya dona na sembe. Kinachotupwa kwenye kukoboa ndicho chenye mali. Ulezi mzima una madini ya chokaa, yale ya mifupa, kuliko nafaka nyingine zote tunazokula, zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100. Choroko kavu, karibu robo ya uzito wake ni protini. Na kuna siri ya kuvichanganya: protini ya nafaka ina upungufu wake, ya choroko ina upungufu wake, na anachokosa huyu anacho yule. Ndiyo maana kila ukoo wa dunia umeoanisha nafaka na jamii ya kunde, kuanzia makande yetu. Kule kuloweka usiku kucha nako si urembo, kunapunguza vitu vinavyozuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Ya kulia ni nini? Wao hutumia chatne ya nazi. Huku nazi ni ya kuletwa kutoka pwani, kwa hiyo mimi nakaanga nyanya na kitunguu, natia karanga za kusaga na ndimu, inatosha kabisa. Na kama ziwa liko wazi, usijinyime: kaanga dagaa wakauke, wanyunyizie juu ya chapati ikiwa bado motoni kabla hujaigeuza, wakamatie humo humo.

Unga ukibaki, ufunike. Kesho utakuwa mchachu zaidi, ongeza maji kidogo na chumvi uchome tena. Keshokutwa usiuguse, uwape kuku.